Rialiti na Jina la Msanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nayasikia saluni, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp ya wadau wa muziki, na kwa vijana wanaotaka ushauri kabla ya kwenda kwenye usaili. Niliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha uhariri wa vipindi vya rialiti, kwa hiyo baadhi ya majibu yatakuwa ya ndani zaidi kuliko mengine. Nimeyapa namba ili nisirudie rudie. Ukiona umeelekezwa swali jingine, nenda huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Rialiti ni nini, na inawahusu vipi wasanii?

Ni kipindi kinachowaonyesha watu kwa majina yao na sura zao, bila kuwakaririsha mistari kama kwenye tamthilia. Wengine huviita vipindi vya uhalisia. Mtaani tunasema rialiti, basi.

Kwa upande wetu zimezoeleka aina tatu. Kuna mashindano ya vipaji, kama Bongo Star Search, yaani BSS, na Tusker Project Fame iliyokuwa ikifanyika Nairobi. Kuna vya kuwafungia watu mahali pamoja: Big Brother Africa, au Maisha Plus ya Masoud Kipanya, ambapo vijana walipelekwa kuishi maisha ya kijijini. Halafu kuna vya kuingia nyumbani kwa watu wenye majina tayari, kama Being Bahati iliyorushwa NTV Kenya na Young, Famous & African ya Netflix. Aina hizi humjenga msanii, au humbomoa, kwa njia tofauti, kwa hiyo usizichanganye.

2. Coke Studio Africa nayo ni rialiti?

Hapana. Mule wasanii wanaingia na majina yao, wanafanya kazi, wanaondoka. Hakuna mchujo, hakuna kura, hakuna anayelia chooni. Ukitazama unatoka na wimbo.

3. Kwa kifupi, rialiti inabadilisha nini kwenye macho ya watu?

Inageuza mpangilio wa kufahamiana. Kwa kawaida wimbo ndio unaotangulia. Unausikia kwenye harusi ya jirani, unauimba wiki mbili bila kujua ni wa nani, kisha unaiona sura, na baada ya miaka ndipo udaku unakuja: kaachana na nani, kajenga wapi. Kwenye rialiti unaanza na mtu. Unajua mama yake anauza vitumbua, unajua alilia wiki ya tatu, unajua hapatani na yule dada wa Mwanza. Wimbo wake wa kwanza ukitoka, unausikiliza ukiwa na hayo yote kichwani.

Walinganishe na waliopitia THT, ile nyumba ya vipaji ya marehemu Ruge Mutahaba. Barnaba, Linah na Mwasiti walifundishwa pale, wakakosea pale, wakakaripiwa pale, na nchi haikuona. Tulipokutana nao tulikutana na nyimbo. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo hilo.

## Mashindano ya vipaji

4. Mbona washindi wengi hawasikiki baada ya mwaka mmoja?

Sababu ya kwanza ni kwamba walishinda kwa nyimbo za watu. Wiki kumi mfululizo mshiriki anathibitisha kwamba anaweza kuvaa nguo ya kila mtu na ikamkaa: leo Whitney Houston, kesho Lady Jaydee, keshokutwa Oliver Mtukudzi. Siku anapokabidhiwa hundi, soko linamuuliza nguo yake iko wapi. Bongo Flava hailipi sauti, inalipa ngoma. Prodyuza anamtarajia msanii aingie studio na mistari yake, melodi yake na kisa chake. Kijana wa Temeke ambaye hajawahi kuonekana kwenye televisheni, lakini ana daftari lenye nyimbo thelathini, anamzidi hapo.

Sababu ya pili ni vifaa. Kwenye shoo mshiriki anaimba na bendi hai, taa, watu wa mavazi, mwalimu wa sauti. Shoo ikiisha vyote hivyo vinabaki kwa wenye shoo, vinamsubiri mshiriki wa msimu ujao. Yeye anarudi na wimbo uliorekodiwa chumba kimoja, na msikilizaji anasema kashuka. Hajashuka. Ameondolewa bendi.

Ya tatu ni zawadi yenyewe. Walter Chilambo alipotwaa BSS mwaka 2012 alipewa shilingi milioni 50. Mshindi wa Project Fame alikuwa akipata shilingi milioni 5 za Kenya pamoja na mkataba wa kurekodi. Fedha hizo zikitajwa hewani, kila mtu anageuka mkaguzi wa hesabu: “Kapewa milioni hamsini, kafanyia nini?” Msanii aliyeanza kwa kukopa nauli ya kwenda studio hakuna anayemuuliza swali hilo.

5. Ni kweli wanaoshika nafasi ya pili hufanikiwa zaidi?

Si kanuni, ila mifano ipo na inafurahisha. Peter Msechu alikuwa wa pili BSS, akaenda Project Fame mwaka 2010 akawa wa pili tena, nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Hadi leo ukimtaja huna haja ya kueleza ni nani. Kala Jeremiah alipita BSS miaka ya mwanzo kabisa, lakini watu wanamjua kwa mashairi yake. Huko Marekani, Jennifer Hudson aliondoka American Idol mwaka 2004 akiwa nafasi ya 7, na mwaka 2007 akachukua tuzo ya Oscar kwa uigizaji.

Asiyeshinda anatoka na huruma ya “kaonewa yule”, na hana hundi ya kuulizwa. Pia, hili la pili halisemwi sana, hana mkataba wa mshindi unaomfunga mikono kwa mwaka mzima. Tazama swali la 16.

6. Kwa nini mashabiki wa msanii wa mashindano humsema kana kwamba ni mali yao?

Kwa sababu walilipia. Kura ya SMS ni vocha, na vocha ni hela. Naliita deni la kura.

Jirani yangu mmoja wa Tandika, mama mtu mzima, alikuwa akikatwa salio kila Jumapili kwa ajili ya kijana mmoja wa mashindano. Miaka imepita, siku moja tukamkuta yule kijana duka la dawa. Mama akamshika mkono. “Mwanangu, umenenepa. Na ule wimbo wako wa pili haukunifurahisha. Mimi ndiye niliyekupigia kura.” Kijana akainamisha kichwa: “Shikamoo mama. Nitajitahidi.” Alisema kwa heshima zote, lakini nilimwona alivyoaga haraka.

Msanii aliyepanda kwa nyimbo zake anakuwa na mashabiki. Aliyepanda kwa kura anakuwa na wanahisa, na mwanahisa hukagua. Akibadili mtindo wa muziki wanamwona kasaliti, akinyamaza miezi sita kafilisika, akioa mtu wasiyempenda wanadai wangeshauriwa.

7. Kura si ni uzalendo tu? Mwenye nchi kubwa ndiye anayeshinda?

Project Fame inajibu swali hili yenyewe. Washindi wake sita walikuwa Valerie Kimani wa Kenya (2006), Esther Nabaasa wa Uganda (2008), Alpha Rwirangira wa Rwanda (2009), Davis Ntare wa Uganda (2010), Ruth Matete wa Kenya (2012) na Hope Irakoze wa Burundi (2013). Rwanda na Burundi zilishinda. Tanzania, pamoja na wingi wetu wote na kelele zote za “mpigieni Mtanzania mwenzenu”, haikushinda hata mara moja.

Uzalendo unafanya kazi nyingine: unampa mshiriki bendera kabla hajapata sauti yake. Alpha aliporudi Kigali alipokewa kama timu ya taifa. Ni heshima kubwa, ila inamweka msanii mahali ambapo wimbo mbovu unakuwa aibu ya taifa.

8. Wale wanaochekwa kwenye usaili, inakuwaje kwao?

Umewahi kujiuliza mtu asiyeweza kushika noti moja alifikaje mbele ya majaji? Foleni ya usaili ina watu wengi mno, majaji hawawezi kuwasikiliza wote. Kabla yao kuna mchujo wa watayarishaji, na wanaopitishwa ni wa aina mbili: wazuri sana, na wabaya wanaochekesha. Wa katikati, yaani wengi wetu, wanarudishwa nyumbani. Kwa hiyo yule kaka aliyevaa suti ya kukodi akaimba kama king'ora amepitishwa makusudi, na hajui.

Zamani kicheko kiliisha wiki ileile. Sasa kipande kinakatwa, kinawekwa YouTube, kinageuzwa stika ya WhatsApp. Wapo wanaokitumia kikawaletea ugali kama wachekeshaji, na hongera zao. Lakini aliyekuwa na nia ya dhati ya kuimba, kila atakapopeleka kazi redioni miaka mitano baadaye, mtangazaji atamtambua kwanza kwa suti.

9. Majaji nao wanaathirika?

Sana, na hilo husahaulika. Master J ni mtayarishaji ambaye mchango wake kwenye Bongo Flava ulianza kabla baadhi ya washiriki wa BSS hawajaanza shule. Kizazi kizima kikamjua kama yule mzee wa kwenye kiti cha jaji. Salama Jabir akawa “yule dada mkali”. Kenya, Ian Mbugua, jaji wa Project Fame, ni mtu wa jukwaa la maigizo kwa miaka mingi, lakini mtaani likabaki neno moja: mkatili. Jaji akiwa mpole hakuna anayemkumbuka, na watayarishaji wanalijua hilo, kwa hiyo kauli ya upole ndiyo inayokatwa kwanza. Madam Rita peke yake naona aliponea hapo, pengine kwa sababu BSS ni yake.

10. Mbona baadhi ya washindi huhamia muziki wa injili?

Ruth Matete na Walter Chilambo ndio wanaotajwa zaidi. Sababu za imani ni za mwenyewe na sitazigusa. Ila kuna upande wa kazi. Washiriki wengi wametoka kwenye kwaya, na kanisani sauti kubwa bado ina thamani yake kamili bila kuulizwa ngoma iko wapi (swali la 4). Pili, kanisani maisha yako ya kwenye runinga hayakuhukumu moja kwa moja: yanakuwa sehemu ya ushuhuda. “Nilikotoka mnakujua, mliniona.” Shoo iliyobeba jina la bia inakuwa mwanzo mzuri wa kisa cha wokovu.

## Mastaa wanapofungua milango ya nyumba zao

11. Msanii ambaye tayari ana jina anatafuta nini kwenye rialiti?

Hela, kwanza. Tusizunguke. Pili, soko jipya. Tatu, nafasi ya kusimulia mambo yake mwenyewe kabla magazeti ya udaku hayajasimulia.

Anacholipa ni haiba. Mfano wa kusomea ni Ozzy Osbourne wa Uingereza. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa mtu wa kutisha kwenye muziki wa roki, wazazi wakiwakataza watoto. Mwaka 2002 MTV ikaingiza kamera nyumbani kwake, na dunia ikamwona baba anayeburuza ndala, anayehangaika na rimoti, anayemwita mkewe kila dakika. Watu walimpenda zaidi kuliko zamani. Lakini hawakumwogopa tena, na kuogopwa ndiko kulikokuwa nusu ya kazi yake.

Bahati wa Kenya alikuwa na mtihani wa namna nyingine. Alijulikana kama mwimbaji wa injili, kisha kipindi kikamwonyesha mume wa Diana Marua, na kelele na mapenzi na ugomvi wa kawaida wa nyumba yoyote. Baadaye akahamia nyimbo za mapenzi. Sidai kwamba kamera ndiyo iliyomhamisha. Ninachosema ni kwamba alipohama, watazamaji wake hawakushtuka kama walivyoshtuka wasikilizaji wake wa redio.

12. Diamond alipoingia Young, Famous & African, alipata au alipoteza?

Inategemea ulikuwa umekaa wapi ukitazama. Kipindi kilitoka Machi 2022, kimepigwa Johannesburg, na Diamond Platnumz na Zari Hassan wote wamo. Kwa Mtanzania au Mganda, habari zao zilikuwa kiporo: waliachana 2018, Zari akitangaza mwenyewe Instagram Siku ya Wapendanao, na timu za mitandaoni zilishapigana vita zote zinazowezekana. Kwa mtazamaji wa Lagos au Johannesburg, wengi walikuwa wanakutana na kijana wa Tandale kwa mara ya kwanza, na wakakutana naye kama mzazi mwenza wa mtu.

Kitu ambacho mimi nilikiona zaidi ni lugha. Diamond akiwa kwenye Kiswahili ni hatari: anachezea maneno, anatania, anarudisha kijembe kabla hujamaliza kukirusha. Kule alikuwa Kiingereza tupu, kwenye sebule za watu wenye hela zao, hakuna mfanyakazi wa WCB, lebo yake, wa kumwita bosi. Mtu yuleyule alionekana mpole, mara nyingine kama mgeni aliyesubiri aambiwe akae wapi. Hapa nyumbani watu wakataniana kuhusu Kiingereza chake kwa wiki kadhaa, halafu ikaisha, kwa sababu ngoma mpya zilikuwa zinatoka. Na hapo ndipo ilipo kinga yake: kazi ilikuwa inaendelea kumsemea. Staa aliyenyamaza kimuziki akiingia kwenye shoo ile ile, shoo ndiyo inabaki kuwa kazi yake.

13. Na wenza wao, au wasanii wanaojulikana kupitia ugomvi?

Hao ndio wanaoumia. Fantana ni mwimbaji wa Ghana. Watazamaji wengi wa nje ya Ghana walimjua msimu wa pili wa kipindi hicho cha Netflix, Mei 2023, kama mwanamke aliyekuwa na Diamond na aliyegongana na Zari. Waulize waimbe mstari mmoja wa wimbo wake uone.

Upande mwingine kuna 2Baba, mwimbaji wa Nigeria ambaye bara zima linamwimba tangu 2004. Ndoa yake na mwigizaji Annie Idibia ilikuwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hicho, na misukosuko yake ikawa mada ya kila mwenye simu. Januari 2025, mwezi ule ule msimu wa tatu ulipotoka, 2Baba akatangaza kwamba wameachana. Nilisoma maoni ya watu usiku ule. Karibu wote walikuwa wanataja vipande vya kipindi, nani alisema nini kwenye meza ya chakula, kana kwamba wanatoa ushahidi mahakamani. Nyimbo hazikutajwa.

14. Tofauti ya rialiti na kiki ni ipi?

Kiki ni ya msanii na watu wake: anaanzisha bifu, anavujisha picha, wimbo unatoka Ijumaa, bifu inaisha Jumatatu. Anashika usukani. Kwenye rialiti usukani anao mwenye kipindi, na kipindi hakina haraka ya kuisha Jumatatu. Msanii aliyezoea kiki akidhani rialiti ni kiki ndefu tu, ndiye hasa anayejikuta amekuwa adui wa msimu mzima.

## Nyuma ya kamera

15. Ni kweli yale, au wanapangiwa?

Maneno hawapangiwi. Wanapangiwa mazingira: nani alale chumba kimoja na nani, nani aambiwe habari gani kabla ya chakula cha usiku. Halafu uhariri unafanya yaliyobaki. Kamera tatu zikikaa saa kumi ni saa 30 za picha, na hewani zinaingia dakika nne au tano. Yale maelezo ambayo mshiriki anayatoa amekaa kwenye kiti peke yake hurekodiwa baadaye, swali la mtayarishaji likikatwa, ili ionekane amejisemea tu. Sentensi mbili za siku tofauti zinaweza kuunganishwa ikiwa juu ya kiunganisho ameonyeshwa mtu mwingine na sio anayesema.

Nikiri la kwangu. Kampuni siitaji, na kipindi hakipo tena hewani. Mshiriki mmoja wa kike alikunja uso akatazama chini kwa ghadhabu. Kilichotokea ni kwamba mkanda wa kiatu chake ulikatika. Niliambiwa tunahitaji “mwitikio” pale jaji anapomsifia mwenzake, nikaichukua ile sura nikaibandika hapo. Sekunde mbili, haifiki. Nikaweka na muziki wa chini kidogo. Usiku ule mitandaoni alikuwa ameshapewa jina: wa wivu. Wiki iliyofuata alitolewa kwa kura. Sikulala vizuri, lakini kazi nilienda asubuhi.

16. Kabla sijasaini mkataba wa shoo niangalie nini?

Tafuta mwanasheria, hata wa kulipa kidogo kidogo. Usikubali kusainishwa kwenye foleni ya usaili juu ya mgongo wa mwenzako. Karibu kila mkataba utampa mwenye kipindi haki ya kukuonyesha atakavyo, na hilo huwezi kulibadili. Ama ukubali ama uondoke. Yanayojadilika ni haya: baada ya shoo utakuwa chini ya menejimenti yao kwa muda gani, nyimbo ulizotunga wewe ukaziimba mle ni za nani, na kama ukitolewa wiki ya kwanza bado unafungwa kama mshindi.

Ukiwa na tungo zako, zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaziimba mbele ya mtu. Kwa aliyeko Kenya ni KECOBO. Na nenda na wimbo wako angalau mmoja uliokamilika, umerekodiwa, uko tayari kutoka siku utakayotolewa. Wiki ile ya kutolewa ndiyo wiki jina lako linatafutwa zaidi kuliko wakati wowote, na washiriki wengi huitumia kulala.

## Maswali ya pembeni

17. Mtu katoka Big Brother, hakuwahi kuwa msanii, sasa anaitwa msanii. Ni haki?

Kwenye Kiswahili chetu “msanii” limekuwa neno pana, linambeba hadi mtu anayepigwa picha tu. Idris Sultan aliingia Big Brother Africa mwaka 2014 akatoka na ushindi wa dola 300,000. Akaingia kwenye uchekeshaji na uigizaji, akafanya kazi, na sasa kijana wa leo anaweza kumjua kwa vichekesho bila kujua kabisa habari za ile nyumba. Kabla yake Richard Bezuidenhout alishinda mwaka 2007, na Mwisho Mwampamba alikuwa wa pili mwaka 2003. Majina yao yanakumbukwa, lakini yanakumbukwa kwa nyumba. Sioni dhuluma yoyote hapo.

18. Vipi kundi lililoundwa na televisheni?

Mwaka 2004 Coca-Cola Popstars ilitoa makundi matatu: Wakilisha ya Tanzania, Blu*3 ya Uganda na Sema ya Kenya. Watu walikutanishwa na mchujo, hawakukutanishwa na utani wa mtaani, na makundi hayakudumu. Lakini angalia waliotoka humo: Shaa, Witnesz na marehemu Langa kwa Wakilisha, Cindy kwa Blu*3, Sanaipei Tande kwa Sema. Kila mmoja ilibidi aanze upya peke yake, na wengi wa mashabiki wa Shaa waliomjua miaka kumi baadaye hawakuwa hata na habari kwamba aliwahi kuwa kwenye kundi. Kuzaliwa upya namna hiyo kuliwezekana kwa sababu 2004 hapakuwa na YouTube.

19. Wachoraji na wachongaji je?

Kwetu sijaona kipindi chao cha maana. Marekani, kituo cha Bravo kilianzisha mashindano ya wasanii wa sanaa za kuona mwaka 2010, yakaitwa Work of Art. Mshindi wa kwanza, Abdi Farah, alipewa dola 100,000 na maonyesho yake binafsi kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn. Udhaifu wa muundo ule ni kwamba kazi inatolewa kama mtihani: tengeneza kitu hapa, muda ni huu, saa inaanza. Mtazamaji anaondoka akiamini sanaa hutengenezwa hivyo. Mchoraji wa Tingatinga ambaye mteja anamwambia “si unamaliza leo leo?” anaujua ugonjwa huu hata bila televisheni.

20. Picha mbaya ikishamkaa msanii, inafutika?

Inafunikwa. Kufutika sijaona. Hata picha nzuri haifutiki: Susan Boyle alipanda jukwaa la Britain's Got Talent Aprili 2009, ukumbi ukamcheka kabla hajafungua kinywa, akaimba, wakasimama. Alimaliza wa pili nyuma ya kundi la Diversity, na albamu yake ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Pamoja na hayo yote, ukimtaja leo mtu anakusimulia nyuso za majaji zilivyobadilika.

Yule dada wa swali la 15 nilikutana naye tena. Yeye hakuniona. Alikuwa anaimba na bendi kwenye hoteli moja Bagamoyo, Jumamosi, watu wanakula pweza. Nyuma yangu meza ya watu wawili, mmoja akanong'ona, “Huyu si yule wa wivu?” Mwenzake akachelewa kidogo kujibu.

“Ndiye. Hebu nyamaza kwanza, nasikiliza.”